Kutoka Kochi la Vienna hadi Benchi la Harare

Mwaka 1895, madaktari wawili wa Vienna, Josef Breuer na Sigmund Freud, walichapisha kitabu kuhusu tiba ya kuzungumza. Tiba iliyotokana nayo ilidai miaka, fedha na daktari bingwa. Miaka ya 1960, Aaron Beck wa Philadelphia aliifupisha: mgonjwa alifunzwa kuyapima mawazo yake ya leo, badala ya kuchimbua utoto wake.

Hatua inayotugusa zaidi ilipigwa Harare. Mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda, akikosa chumba na wauguzi, aliwafunza akina bibi 14 wa Mbare kuketi na wagonjwa kwenye benchi, nje ya zahanati. Hawakutaja sonona, walisema kufungisisa, yaani, kwa Kishona, kufikiri kupita kiasi. Utafiti wa 2016 ulithibitisha kwamba waliohudumiwa benchini walipata nafuu kuliko wenzao. Benchi hilo limefika hata Zanzibar.

Basi tiba inarudi kwa watu wa kawaida waliofunzwa, na kwa lugha ya mgonjwa. Sisi huku ughaibuni, uzito wa moyo tunaueleza kwa lugha ya kuazima. Nani katika chama chetu atajifunza kuketi benchini kwa Kiswahili?