Mpiganaji alipopewa nchi aitawale

Kitabu cha wachezaji cha mchezo wa kuigiza wahusika, Advanced Dungeons & Dragons, kilichotoka Marekani mwaka 1978, kinampa mpiganaji aliyefika daraja la tisa kitu ambacho wachezaji wengi wa leo hawajawahi kukisikia: raia. Akijenga ngome na kusafisha eneo lake dhidi ya majitu na majambazi, watu watahamia, naye atapata sarafu 7 za fedha kwa mwezi kwa kila mkazi, kutokana na kodi na ushuru. Askari nao wanamfuata wenyewe. Kufika hapo si mchezo, ijapokuwa ni mchezo: zinahitajika alama za uzoefu zaidi ya 250,000, na wengi hufia mapangoni mapema, wameumwa na buibui.

Mpango huo haukuzuka tu. Gary Gygax na Dave Arneson, waliotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974 kwa nakala 1,000 za mwanzo, walitoka kwenye michezo ya vita vya vikosi vidogo vya sanamu mezani. Kwao, shujaa mwenye ngome na jeshi alikuwa jambo la kawaida. Pango lilikuwa mahali pa kujifunzia kazi. Kazi yenyewe ilikuwa utawala.

Madruidi, yaani makuhani wa maumbile, ndio waliobanwa zaidi. Kanuni za 1978 ziliruhusu tisa tu wa daraja la 12, watatu wa 13 na mmoja wa 14. Anayetaka kupanda wakati nafasi zimejaa hupigana na aliyepo, na akishindwa anashuka. Cheo kilikuwa na mwenyewe.

Tatizo ni kwamba waendeshaji wengi wa mchezo waligawa hazina na madaraja kama njugu. Mwaka 1976 mhariri Tim Kask alilalamika, katika dibaji ya Gods, Demi-gods & Heroes, juu ya wahusika waliopita daraja la 40. Gygax naye alikuwa tayari na jibu lake, kisa cha Tomb of Horrors, kilichochezwa kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975. Humo ukutani mna sura ya shetani wa kijani aliyeachama. Anayeingia mdomoni anatoweka moja kwa moja, na hakuna dadu ya kumwokoa. Nguvu tupu haikumsaidia mtu.

Aliyeielewa kazi ya utawala vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Frank Mentzer. Sanduku lake la Companion la 1984, la madaraja ya 15 hadi 25, lilimfanya mchezaji ahesabu mapato ya himaya na kuangalia kama raia bado wana imani naye. Mwaka uliofuata sanduku la Master likafika daraja la 36.

Toleo la tatu, mwaka 2000, liliweka ukomo wa kawaida kuwa daraja la 20, na askari hawakuja tena wenyewe. Kilichobaki ni hesabu: uchawi mwingi, mapambano ya kumaliza jioni nzima. Ndiyo maana vikundi vingi huishia kabla ya daraja la kumi, kisha lawama hutupiwa namba. Namba hazina kosa. Kazi ndiyo iliyoondolewa. Mwaka 2024 makao ya wahusika yalirudi, tena kuanzia daraja la tano, lakini hayo hutengeneza dawa na silaha zaidi kuliko kuzaa migogoro ya kodi.

Bado ipo thamani katika madaraja ya juu, hasa pale nguvu inapokuwa na gharama. Uchawi wa kutaka lolote litimie ulimzeesha mchawi miaka 3 katika kanuni za zamani. Katika zile za 2014, akiutumia nje ya kuiga uchawi mwingine, ana uwezekano wa asilimia 33 wa kutoweza kuutumia tena maisha yake yote. Hapo meza nzima hunyamaza na kubishana kama jambo lenyewe linastahili.

Ndiyo maana siwashauri wenye haraka waanzie daraja la 15. Mhusika aliyetengenezwa leo hana deni kwa mtu. Aliyepanda kutoka la kwanza anamkumbuka mwenye nyumba ya wageni aliyemficha akiwa hana kitu, na sasa mzee huyo amekuja kuomba apunguziwe kodi mbele ya majirani wanaolipa kamili.