Hitilafu ya Uhakiki wa Leseni

Skrini husema license validation error, na wafasiri wengi hukimbilia "leseni batili". Tafsiri hiyo inasumbua watu bure. Anayeisoma anajiona ameshutumiwa wizi. Anafuta programu nzima, anaipakia upya kwa bando la bei, na ujumbe unarudi uleule, kwa kuwa tatizo halikuwa kwenye programu wala kwenye leseni.

Mimi nasema hitilafu ya uhakiki wa leseni. Uhakiki tunaujua vizuri. Tanzania ilipohakiki vyeti vya watumishi wa umma na mwaka 2017 kutangaza maelfu ya walioghushi, hakuna aliyehitaji kamusi: cheti cha mtu kinalinganishwa na kumbukumbu za waliokitoa. Wanafasihi nao wana uhakiki wao wa riwaya na tamthilia, ila sidhani kuna mtumiaji wa kompyuta atakayechanganya. Wapo wanaopenda uthibitishaji. Lakini kuthibitisha ni matokeo, kuhakiki ni kazi yenyewe; mtu anaweza kuhakiki na asithibitishe chochote kwa sababu ofisi ya kumbukumbu imefungwa. Na nimeweka hitilafu badala ya kosa kwa kuwa kosa lina mkosaji, na hapa mara nyingi hayupo.

Zamani kazi hii ilifanywa mara moja tu. Ulinunua boksi la diski, ukaingiza namba, yakaisha. Programu nyingine zilidai kijiti maalumu kichomekwe nyuma ya kompyuta, na kikipotea umeumia. Kisha Adobe ikatangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya ya Photoshop na wenzake yatalipiwa kwa kipindi, na Autodesk, wenye AutoCAD, wakaacha kuuza leseni mpya za kudumu mwaka 2016. Tangu hapo programu inauliza tena na tena. AutoCAD ya mtumiaji mmoja hutakiwa kuipata intaneti angalau mara moja kila siku 30. Inauliza wewe ni nani, umelipia mpaka lini, na leo ni tarehe ngapi.

Swali hilo la tarehe linaangusha wengi wasiojijua. Kwenye ubao wa kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi CR2032, inayotunza saa mashine ikizimwa. Ikichoka, na umeme ukikatika usiku, kompyuta inaamka asubuhi na tarehe ya miaka mingi nyuma. Mazungumzo na seva ya mtengenezaji hulindwa na vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha; kwa saa hiyo ya zamani, vyeti vyote vinaonekana bado havijaanza kutumika, na mazungumzo yanavunjika kabla hata leseni haijatajwa. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, tazama saa iliyo kwenye kona ya skrini, pamoja na mwaka.

Kisa kingine kina historia ndefu zaidi. Fundi akikraki programu, aghalabu huongeza mistari kwenye faili la Windows liitwalo hosts, ndani ya folda System32\drivers\etc. Kila mstari unaanza na 127.0.0.1, anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe, kisha unafuata jina la seva ya mtengenezaji. Lengo ni programu isifike kuulizia. Miaka inapita, mwenye kompyuta anapata kazi nzuri, analipia leseni halali kwa pesa yake, na programu ikienda kuuliza inajikuta inajiuliza yenyewe. Fungua faili hilo kwa Notepad iliyowashwa kwa ruhusa ya msimamizi, futa mistari yenye jina la kampuni husika tu, hifadhi, washa upya kompyuta. Mingine iache.

Matoleo ya AutoCAD ya kuanzia 2020 yana pia huduma inayofanya kazi chinichini, Autodesk Desktop Licensing Service. Ikilala, ujumbe husema muda wa kuchukua leseni umepita. Iwashe upya kwenye orodha ya huduma za Windows. Kwa kawaida inatosha.

Ofisi zinazogawana leseni kupitia seva moja zina bahati ya kupewa namba za hitilafu. FlexNet, mfumo unaosimamia ugawaji huo, ukitoa -15, kompyuta haikuifikia seva: angalia kebo, ukuta wa moto, au kama seva yenyewe imewashwa. Namba -4 maana yake nafasi zimejaa, na kwa kawaida kuna mwenzako aliyekwenda chakula cha mchana akaacha programu wazi. Namba -10 ndiyo ya muda kwisha, hiyo dawa yake ni kulipa. Namba -88 inasema saa imerudishwa nyuma. Namba -9 ni ya mashine isiyotambulika: faili la leseni lina mstari unaotaja jina la seva na anwani ya kadi yake ya mtandao, kwa hiyo ukibadilisha kadi, leseni ileile inakuwa ya mgeni. Hapo huombi leseni nyingine, unaomba faili jipya lenye anwani mpya.

Ukiandikia huduma kwa wateja, nakili namba hiyo kama ilivyo pamoja na toleo la programu. "Imegoma" haiwasaidii.

Neno batili, basi, lina nafasi moja finyu. Faili la leseni husainiwa kidijitali na mtengenezaji. Mtu akilifungua na kusogeza tarehe ya mwisho kwa mkono wake, sahihi haitalingana tena na maandishi, na FlexNet itatoa -8. Hiyo ndiyo leseni batili.