Bei, Kakao na Karafuu: Wakweka kutoka Birmingham hadi Pemba na Kaimosi

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitoa amri iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumfungulia mtumwa mlango akaenda zake. Ilimtaka ajipeleke mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na akishaupata aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia alilipwa bwana. Pemba uzito wa jambo hili ulizidi. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja lakini hakikuigusa sana ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho kilichobeba zao. Mtu aliyetoka mahakamani na uhuru wake mkononi, bila shamba wala nyumba, angekwenda wapi kama si kurudi kwa bwana yule yule?

Mwaka huo huo Waingereza wawili, Henry Stanley Newman na Theodore Burtt, walifika Pemba kwa niaba ya Jumuiya ya Marafiki, Wakristo wanaojulikana zaidi kwa jina la Wakweka. Walinunua shamba la mikarafuu Banani, karibu na Chake Chake, wakaanza kuajiri watu waliotoka utumwani. Matajiri wa karafuu walikuwa wakidai kwamba bila watumwa zao lingeozea mtini. Banani lilikusudiwa kuwa jibu la dai hilo: watu huru wachume, waanike na kupalilia kwa ujira, wapate mahali pa kujenga, na watoto wao wapate shule. Mwaka uliofuata Newman alichapisha kitabu kuhusu mradi huo.

Wazo la kuhubiri dini kwa njia ya daftari la mishahara halikuzaliwa Pemba. Lilikuwa na umri wa karibu karne mbili na nusu.

Wakweka walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, wakimfuata George Fox, mhubiri asiye na cheo wala kanisa. Walikataa kula kiapo mahakamani, kwa hoja kwamba anayeapa hapa anakiri kuwa kwingine huenda husema uongo. Walikataa kulipa zaka ya kanisa la serikali, walikataa kuvua kofia mbele ya wakubwa, na walikataa kwenda vitani. Wengi walifungwa. Sheria ziliwazuia kushika nafasi za serikali, na vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge havikuwapa shahada. Mtoto wa Mkweka mwenye akili alibaki na njia chache, na kubwa kati ya hizo ilikuwa duka.

Dukani nako walikuja na jambo geni. Enzi hizo bei ya bidhaa Uingereza ilikuwa ya kupatana. Wakweka waliona kwamba muuzaji anayetaja shilingi tano huku moyoni ameridhika na tatu amekwisha kudanganya, hivyo wakaweka bei moja kwa kila mteja. Msomaji aliyezoea Kariakoo au Marikiti anaweza kucheka, maana kwetu kupatana bei ni mazungumzo, na mteja anayelipa bila kuuliza huonekana ana kiburi au hajui thamani ya pesa. Wateja wa Wakweka pia walisita mwanzoni. Baadaye, kama Fox mwenyewe alivyosimulia, waligundua kwamba wanaweza kumtuma hata mtoto dukani na asipunjwe. Biashara ikastawi.

Maadili hayo hayakuachiwa dhamiri ya mtu peke yake. Kila mwezi waumini wa eneo moja walikutana, na mambo ya biashara za wenzao yalikuwa sehemu ya ajenda. Mfanyabiashara aliyeonekana kukopa kupita uwezo wake alitembelewa na wazee na kuonywa. Aliyefilisika kwa uzembe na kupoteza fedha za watu alitengwa na jumuiya. Joseph Fry, mume wa Elizabeth Fry aliyesifika kwa kutetea wafungwa wanawake, alitengwa baada ya benki yake kuanguka 1828, na sifa za mkewe hazikumwokoa. Si ajabu kwamba watu wasio Wakweka walipenda kuweka fedha zao kwa watu wa namna hiyo. Mizizi ya benki za Barclays na Lloyds imo katika familia za Wakweka.

Mwaka 1824 John Cadbury alifungua duka Birmingham la chai, kahawa na kakao, vinywaji alivyotaka vichukue nafasi ya pombe. Wanawe Richard na George walihamishia kiwanda nje ya mji 1879, mahali walipopaita Bournville. Kuanzia 1895 George alijenga hapo mtaa wa nyumba zenye bustani, kila familia na kipande chake cha kulima. Nyumba hazikuwa za wafanyakazi wake tu, na mwaka 1900, zilipofika 313, alizikabidhi pamoja na ardhi yake kwa bodi ya wadhamini. Baa haikuruhusiwa. Wakazi walipata hewa safi na kodi nafuu, lakini pia walipata mwenye nyumba aliyekwisha kuamua wanywe nini jioni. Wema wa Wakweka mara nyingi ulikuja na masharti yake.

Tatizo kubwa lilitoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 karibu nusu ya kakao ya Cadbury ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vya Wareno magharibi mwa Afrika. Mwaka 1901 William Cadbury, mpwa wa George, alisikia kwamba mashamba ya huko yanalimwa na watumwa. Alikutana pia na tangazo la kuuza shamba ambalo liliwaorodhesha wafanyakazi pamoja na mali nyingine. Kwenye karatasi watu hao walikuwa vibarua wa mkataba wa miaka 5 kutoka Angola. Kwa kweli walikamatwa au kununuliwa bara, wakatembezwa hadi pwani na kupakiwa melini, na karibu hakuna aliyerudi kwao.

Kampuni haikuacha kununua. Iliuliza Lisbon, ikaahidiwa marekebisho, ikasubiri. Mwaka 1905 ilimtuma Joseph Burtt, si yule Theodore wa Banani, kuchunguza. Alijifunza Kireno kwanza, kisha akazunguka visiwani, Angola na kwingineko kwa karibu miaka miwili. Kabla hajarudi, mwandishi wa habari Henry Nevinson alikuwa ameshachapisha kitabu, mwaka 1906, kilichouita mfumo huo utumwa wa kisasa. Ripoti ya Burtt ya 1907 ilithibitisha mambo makuu. Serikali ya Uingereza iliomba muda wa mazungumzo ya kidiplomasia, na kampuni ikakubali. Ni Machi 1909 tu ndipo Cadbury, Fry na Rowntree, kampuni tatu za familia za Wakweka, zilipogoma kununua kakao ya São Tomé. Ununuzi ulihamia Gold Coast, Ghana ya leo, ambako wakulima wadogo walikuwa wakipanda kakao katika ardhi zao.

Kati ya kusikia na kuacha ilipita miaka 8. Gazeti la Standard lilikuwa limeandika 1908 kwamba hao wanaolia kwa ajili ya vibarua wa Kichina Afrika Kusini, na George Cadbury alimiliki gazeti lililolia kwa sauti kuu, wanakula faida ya utumwa kimya kimya. Kampuni ilishtaki kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa Birmingham mwishoni mwa 1909, baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba Cadbury wameshinda, kisha likawapa fidia ya robo ya peni. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki pande zote mbili.

Miaka hiyo yote Wakweka wengine walikuwa Banani wakilipa mishahara ya karafuu. Jumuiya moja ilikuwa na majibu mawili kwa swali moja, na tofauti haikuwa ya imani. Mkweka wa Pemba alimwona mchumaji juu ya mti na kuisikia shida yake kwa masikio yake mwenyewe. Yule wa Birmingham alipokea magunia. Mikutano yake ya kila mwezi, iliyoweza kunusa deni la jirani kabla halijamfilisi, haikuwa na jicho la kuvuka bahari.

Bara, hadithi ilichukua sura nyingine. Agosti 1902 Wakweka watatu wa Kimarekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya, miezi michache baada ya reli kufika Kisumu. Waliiita misheni ya viwanda, na walichagua mahali penye maporomoko ya mto ili maji yaendeshe mashine ya kupasua mbao. Vikafuata kinu cha nafaka, ufyatuaji wa matofali, useremala, shule na hospitali. Kazi na mahubiri vilikwenda pamoja. Ardhi ilitolewa na serikali ya kikoloni, na katazo la pombe, tumbaku na ndoa ya wake wengi liliingia hadi ndani ya nyumba za watu. Elijah Masinde, aliyewahi kuwa muumini wa kanisa hilo, alikosana nalo baada ya kuoa mke wa pili, na baadaye akaongoza Dini ya Msambwa dhidi ya wamisionari na wakoloni kwa pamoja.

Hata hivyo mbegu ilishika. Marafiki wa Afrika Mashariki walipata mkutano wao wa mwaka wenye mamlaka yake 1946. Chilson aliendelea hadi Burundi, akafungua misheni Kibimba 1934. Leo hakuna nchi yenye Wakweka wengi kuliko Kenya, na baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007 makanisa yao ya magharibi yaliunda timu za amani zilizokutanisha majirani waliokuwa wamechomeana nyumba.

Cadbury yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani ya Kraft mwaka 2010. Nyumba za Bournville hazikuwemo katika mauzo hayo. Tangu 1900 zilikuwa mali ya wadhamini, na wadhamini hao wanazisimamia hadi leo.