Elizabeth Ngugi: Muuguzi aliyewapa wanawake wa Majengo silaha dhidi ya Ukimwi

JINA la Profesa Elizabeth Ngugi halitajwi mara nyingi nje ya kumbi za wataalamu wa afya. Hata hivyo, kazi aliyoifanya katika mtaa wa Majengo, Pumwani, ilibadilisha jinsi ulimwengu unavyokabiliana na virusi vya Ukimwi.

Marehemu Profesa Ngugi, aliyeaga dunia mwaka 2015, alikuwa muuguzi kwa taaluma na mhadhiri wa afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Swali lililomshughulisha ndilo linalowakabili wataalamu wa saikolojia ya afya hadi leo: kwa nini maradhi humlemea maskini kuliko tajiri, na ni kitu gani humwezesha mtu kubadili mwenendo wake ilhali umaskini haujamwondokea?

Pumwani ni miongoni mwa makao ya kale zaidi ya Waafrika jijini, na ilianza kukua katika miaka ya 1920. Tangu enzi za ukoloni, baadhi ya wanawake wa huko walijikimu kwa ukahaba. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza kuwa wapo waliojenga nyumba za kupangisha kutokana na mapato hayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, kuchunguza magonjwa ya zinaa. Damu ya wanawake hao ilipopimwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalishtua wengi. Asilimia 66 ya makahaba wa kipato duni walikuwa na virusi, ikilinganishwa na asilimia 31 ya wenzao wa hali bora. Biashara ilikuwa moja, lakini hatari haikuwa sawa. Aliyelipwa kidogo alilazimika kupokea wateja wengi zaidi ili apate kodi ya nyumba na chakula cha watoto.

Nguvu ya baraza

Profesa Ngugi hakuwaendea wanawake hao kwa mahubiri wala vitisho. Alitumia baraza, utaratibu ambao kila Mkenya anaujua. Wanawake walikusanyika, wakaelezwa ugonjwa unavyoenea, wakauliza maswali, kisha wakachagua viongozi wao wenyewe. Viongozi hao ndio waliopeleka elimu na mipira ya kondomu nyumba hadi nyumba.

Hekima ya mpango huo ilikuwa wazi. Mwanamke mmoja akimkataa mteja asiyetaka kondomu, mteja huenda kwa jirani, naye aliyekataa hulala njaa. Wote wakisimama pamoja, mteja hana pa kukimbilia. Elimu peke yake haitoshi mahali ambapo tumbo ndilo linaloamua. Umoja ndio uliowapa uwezo wa kuitumia elimu hiyo.

Mwaka 1988, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyoonyesha kwamba matumizi ya kondomu yalipunguza hatari ya wanawake hao kuambukizwa takriban mara tatu. Makadirio ya mwaka 1991 yalionyesha kuwa kuwahudumia wanawake wapatao 500 kulizuia maambukizi mapya kati ya 6,000 na 10,000 kila mwaka, kwa gharama ya dola 8 hadi 12 kwa kila ambukizo lililozuiwa.

Deni la sayansi

Majengo iliupa ulimwengu jambo jingine. Watafiti, akiwemo Dkt Frank Plummer wa Canada, waligundua kuwa wanawake wachache hawakuambukizwa licha ya kukabiliwa na virusi kwa miaka mingi. Ugunduzi huo ulichangia majaribio ya chanjo yaliyoanza Nairobi mwaka 2001 chini ya Profesa Job Bwayo, ingawa chanjo hiyo haikufaulu.

Hapo ndipo penye swali zito. Wanawake hao walitoa damu yao kwa miongo kadhaa, lakini wengi walifariki kabla ya dawa za kupunguza makali kuanza kupatikana kwa wingi nchini katikati ya miaka ya 2000. Profesa Ngugi alitambua kwamba kondomu haimwondolei mtu umaskini, ndiposa akaanzisha pia kituo cha kuwasaidia waliotaka kutafuta riziki nyingine.

Mnamo Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, vituo kadhaa nchini vilivyowahudumia wanawake wa aina hii vilifungwa. Huduma iliyotegemea mfadhili ilitikisika kwa siku chache. Elimu iliyopandwa katika mabaraza ya Majengo, kwa upande wake, ilikabidhiwa wanawake wenyewe, na haihitaji idhini ya mfadhili ili kupitishwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Hata hivyo, kondomu na dawa hazipatikani kwa elimu pekee, na jukumu la kuzigharamia linabaki kwa serikali.