Biskuti isiyo na ngano, yai wala maziwa: historia ya njia mbili zilizokutana

1. Utangulizi

Neno biskuti lina asili yake katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kilichopikwa mara mbili. Biskuti za kale zilikuwa mkate mkavu wa mabaharia na askari, uliookwa tena ili usioze safarini. Karne nyingi baadaye, biskuti ya Ulaya ilikuja kusimama juu ya nguzo nne: unga wa ngano, siagi, mayai na maziwa. Siku hizi, katika maduka ya miji mikubwa, inauzwa biskuti ambayo nguzo zote nne zimeondolewa. Kilichobaki ni lozi, korosho au karanga, pamoja na tende, zabibu kavu na matunda mengine yaliyokaushwa. Wauzaji huitangaza kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi.

Wahenga walisema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Upya wa biskuti hiyo ni wa jina zaidi kuliko wa chakula chenyewe. Makala haya yanafuatilia njia mbili zilizoifikisha hapo ilipo: ya kwanza ni ya watoto waliokuwa wakifa kwa kula mkate, ya pili ni ya watu waliokataa kula chochote kitokanacho na mnyama. Njia hizo zilianzia mbali, na kila moja ilifikia kilele chake katika majira yaleyale ya baridi, ya mwaka 1944 kuelekea 1945.

2. Watoto waliokonda mbele ya chakula

Katika karne za mwanzo za enzi yetu, tabibu Mgiriki Aretaeus wa Kapadokia alieleza maradhi ya tumbo ambamo chakula hupita mwilini bila kumnufaisha mgonjwa. Jina alilolitumia lilitokana na koilia, neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo. Ndilo shina la jina la ugonjwa wa seliaki. Mwaka 1887, mjini London, daktari Samuel Gee aliwaeleza upya wagonjwa hao, wengi wao wakiwa watoto: tumbo limevimba, mikono na miguu imekonda, nguvu zimekwisha. Gee alikata shauri kwamba dawa, ikiwa ipo, itapatikana katika chakula. Lakini chakula kipi? Alisimulia habari za mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi, zaidi ya lita moja kila siku, akanawiri sana. Msimu wa kome ulipokwisha, maradhi yakamrudia.

Mwaka 1924, huko New York, daktari Sidney Haas alitangaza tiba ya ndizi. Watoto wake walikula ndizi kwa wingi, wakanyimwa mkate, viazi na nafaka zote, na wengi wao wakapata nafuu. Haas aliamini kwamba ndizi ndiyo iliyoponya. Tiba ilikuwa na manufaa, lakini maelezo yake yalikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilikuwa na gharama yake: mtoto aliyedhaniwa kuwa amepona alirudishiwa mkate, na pamoja na mkate akarudishiwa ugonjwa.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto katika mji wa The Hague. Tangu miaka ya 1930 Dicke alikuwa akishuku ngano, na mwaka 1941 alikwisha kuandika juu ya chakula kisicho na mkate. Ndipo vita vikamletea ushahidi ambao hakuna daktari mwenye utu ambaye angeutafuta. Mwezi Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyasaidia majeshi ya Washirika. Utawala wa Kijerumani ukajibu kwa kuzuia chakula kisiingie magharibi mwa nchi. Watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Takriban watu 20,000 walikufa katika njaa hiyo. Hata hivyo, wakati watoto wenye afya walipokuwa wakidhoofu, watoto wa seliaki walipata nafuu, maana mkate ulikuwa umeadimika. Mkate uliporudi baada ya ukombozi wa mwaka 1945, hali yao ikaharibika tena.

Njaa si mwalimu wa kusifiwa. Sifa ya Dicke ni kwamba hakuridhika na alichokiona wakati wa njaa, bali alikipima wakati wa amani: aliwapa wagonjwa nafaka moja baada ya nyingine, akapima uzito wao na kinyesi chao, na mwaka 1950 akatetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Miaka michache baadaye yeye na wenzake walionyesha kwamba mkosaji ni gluteni, protini iliyomo katika ngano na katika jamaa zake wa karibu, kama vile shayiri.

3. Neno lililozaliwa Novemba 1944

Mwezi Novemba 1944, wakati Waholanzi walipokuwa wakianza kuhesabu mikate yao, mwalimu wa useremala Mwingereza, Donald Watson, alikuwa akitafuta neno. Chama cha Uingereza cha watu wasiokula nyama kilikuwapo tangu mwaka 1847, lakini wanachama wake wengi waliendelea kunywa maziwa na kula mayai. Watson na wenzake wachache waliona kwamba maziwa hayatenganiki na machinjio, kwa kuwa ndama dume na ng'ombe aliyekauka huishia hukohuko. Walichukua mwanzo na mwisho wa neno la Kiingereza la mtu asiyekula nyama, wakaunda vegan, wakaanzisha jarida dogo na chama chao. Uamuzi huo ulihitaji ushupavu, kwani Uingereza ilikuwa bado inagawa siagi, mayai na nyama kwa kipimo.

Fikra yenyewe haikuwa ya Waingereza peke yao. Mshairi kipofu wa Shamu, al-Ma'arri, aliyeishi kuanzia mwaka 973 hadi 1057, alikataa nyama, maziwa, mayai na hata asali ya nyuki, kwa kuwa aliona ni dhuluma. Kilichoongezwa mwaka 1944 ni jina na jumuiya, na jina ndilo lililoifanya fikra isafiri.

4. Kinachoshika donge

Mwokaji anayeacha ngano na mayai hukabiliwa na swali la ufundi: donge litashikwa na nini? Jibu la swali hilo linahitaji kwanza kufahamu kazi ya gluteni. Mwaka 1745 ilichapishwa taarifa ya Jacopo Bartolomeo Beccari, mwanachuoni wa Bologna, aliyeosha donge la ngano kwa maji mpaka wanga ukatoka. Mkononi kikabaki kitu cha kunata na kuvutika. Gluten kwa Kilatini ni gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoufanya mkate uumuke bila kupasuka.

Biskuti haina haja ya kuumuka, na hapo ndipo wepesi wake ulipo. Kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikombe kimoja cha tende zilizotolewa kokwa, ndizi mbivu mbili na chembe ya chumvi vyatosha. Sukari ya tende na ute wa ndizi hufanya kazi ya gundi. Mafuta ya karanga hufanya kazi ya siagi. Vyote hupondwa pamoja, hufinyangwa viduara vyembamba, na kuokwa katika joto la nyuzi 180 kwa muda wa robo saa. Asiye na tanuri hutumia sufuria nzito, makaa kidogo chini na mengi juu ya mfuniko. Biskuti hizo huachwa zipoe kabla ya kuguswa, maana zikiwa moto humeguka.

Mpishi wa Afrika hataona jambo geni hapa. Kashata ya pwani, ya karanga au ya nazi, hushikwa na sukari peke yake. Kabalagala ya Uganda ni ndizi mbivu na unga wa muhogo. Kwanga ya Kongo ni mkate wa muhogo mtupu. Karanga yenyewe ilitoka Amerika Kusini, ikaletwa na Wareno katika karne ya 16, ikapokewa upesi kwa sababu Waafrika walikwisha kulima njugu mawe. Kikongo kiliiita nguba. Watumwa waliovushwa Atlantiki walilibeba neno hilo, nalo laishi hadi leo katika Kiingereza cha kusini mwa Marekani kwa umbo la goober.

5. Suala la majina

Njia hizo mbili hukutana katika biskuti moja, lakini hazipaswi kuchanganywa. Biskuti isiyo na kitu cha mnyama yaweza kujaa ngano, na isiyo na ngano yaweza kujaa siagi. Anayekula kwa sababu ya dhamiri akikosea, huumia moyoni. Mgonjwa wa seliaki akikosea, huumia utumboni. Kwa ajili yake, kanuni ya kimataifa iliyorekebishwa mwaka 2008 hairuhusu zaidi ya miligramu 20 za gluteni katika kilo moja ya chakula kinachoitwa kisicho na gluteni. Kwa hiyo kinu kilichotwanga ngano asubuhi hakifai kutwanga karanga zake jioni kabla ya kuoshwa.

Kiswahili kinahitaji kuzitofautisha hali hizo. Kusema "chakula kisicho na ngano" hakutoshi, kwa kuwa shayiri nayo hudhuru. Neno gluteni halina budi kupokewa. Kwa upande wa pili, "chakula cha mimea pekee" chaeleza vizuri alichokikusudia Watson, wala hakihitaji mkopo.

Suala hilo si la kamusi tu. Kwa muda mrefu seliaki ilihesabiwa kuwa maradhi ya Wazungu, hadi mwaka 1999 wachunguzi walipochapisha matokeo ya vipimo vya watoto wa Saharawi, Waafrika wa Sahara Magharibi: asilimia 5.6 walikuwa nayo, kiwango kikubwa kupita vyote vilivyojulikana. Wengi wa watu hao huishi kambini nchini Algeria, ambako unga wa ngano ni sehemu kubwa ya msaada. Mtoto mwenye tumbo lililovimba na miguu iliyokonda hudhaniwa kwa urahisi kuwa na utapiamlo, naye huongezewa mkate. Mama yake hawezi kuuliza juu ya ugonjwa ambao lugha yake haijaupa jina, ilhali chakula cha kumfaa mwanawe, muhogo, ndizi na karanga, huenda kiko tayari jikoni mwake.