VITABU VYA ZAMU YA USIKU, SEHEMU YA 4: Hadithi iliyoanzia kitanda cha hospitali



Wiki iliyopita wengi mmeniandikia: "Dada nesi, nikitaka riwaya za majoka na falme za kale nianzie wapi?" Jibu langu ni lile lile tangu nikiwa chuoni: J.R.R. Tolkien. Ila kabla ya orodha, ngoja niwaambie alikotoka, maana mimi sikushikwa na majoka kwanza. Nilishikwa na mama yake.

Tolkien alizaliwa 1892 Bloemfontein, mji ambao leo uko Afrika Kusini. Alipokuwa na miaka 3, mama yake, Mabel, alimchukua yeye na mdogo wake kwenda Uingereza. Baba alikuwa awafuate. Hakufika; aliugua akafa 1896. Mabel akabaki na watoto wawili na pesa ya kubana. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mwanawe kusoma, kuchora, kutambua mimea, hata Kilatini. Mwaka 1904 kisukari kikamchukua. Alikuwa na miaka 34, mwanawe 12.

Hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Mgonjwa wa kwanza kuchomwa sindano ya insulini alichomwa Januari 1922, Toronto. Yaani Mabel aliikosa kwa miaka 17 tu.

Basi, kijana akakua, akasoma Oxford, akaoa, na 1916 akapelekwa vitani Ufaransa, kwenye mapigano ya mto Somme. Kilichomtoa huko si risasi, ni chawa! Alipata homa ya mahandaki, ambayo huenezwa na chawa wa mwilini. Novemba akarudishwa Uingereza na kulazwa hospitali Birmingham. Katika kundi la marafiki wanne wa tangu shule, yeye akiwa mmoja wao, vita viliwaacha wawili.

Katika miezi hiyo ya kuumwa na kupona ndipo alipoandika hadithi ya Gondolin, mji wa siri unaoangushwa na majeshi ya uovu. Ni moja ya hadithi za mwanzo kabisa za dunia ile aliyoijenga maisha yake yote. Sisi wa wodini tunajua: mgonjwa akianza kuomba kalamu, ameanza kurudi.

Sasa orodha, kwa mpangilio ninaoushauri:

1. The Hobbit (1937). Anzeni hapa. Bilbo ni mtu mfupi, miguu ina manyoya, anapenda chai na kutulia kwake, mara anajikuta safarini kwenda kwa joka. Tolkien alikuwa akiwasimulia watoto wake. Hata mchapishaji alimpa mtoto wake wa miaka 10 ausome mswada kwanza, akamlipa shilingi moja kwa maoni yake. Mtoto akasema kinafaa! Kama wako hajakiweza Kiingereza, soma wewe sura moja, halafu msimulie kwa Kiswahili kabla ya kulala. Mimi ndivyo nafanya, na zamu ikinibana nadaiwa sura mbili.

2. The Lord of the Rings, vitabu vitatu, 1954 hadi 1955. Hiki ni cha wakubwa na vijana wa sekondari. Kina vita na vifo. Alianza kukiandika Desemba 1937, akamaliza 1949, kwa hiyo msione haya kukisoma taratibu. Kwenye kitabu cha tatu kuna nyumba ya kutibia majeruhi. Aragorn, mrithi wa ufalme, anaingia kwa wagonjwa kabla ya kuvikwa taji. Anaponda majani, anayatia kwenye maji ya moto, mvuke unatanda chumbani. Bibi zetu wa kufukiza wangemwelewa mara moja.

3. The Silmarillion (1977). Kilitoka baada ya yeye kufa, kikiandaliwa na mwanawe Christopher. Majina ni mengi, kigumu kidogo. Msikianze kabla ya hivyo viwili, mtanilaumu bure.

Mniruhusu nimalizie na la nyumbani. Mama yangu naye ana kisukari. Kila asubuhi anajichoma sindano yake, anakula, kisha anakaa barazani na wajukuu kuwasimulia ya Sungura na Fisi. Watoto wanne wa Tolkien hawakumwona bibi yao hata siku moja. Nikiwaza hilo, sioni sindano ile kama jambo la kawaida.

Kwa hiyo mama, tafuta kitabu. Na kama una kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara, unapungua bila sababu, usingoje: kapime sukari. Wajawazito, hicho kipimo msikiruke kliniki. Hadithi zinahitaji msimuliaji aliye hai.

Sehemu ya 5 wiki ijayo, Mungu akipenda na zamu ikiruhusu. Usiku mwema.