Majina Kapuni: Watu Waliotufundisha Maneno Magumu kwa Hadithi za Maharamia

Wadau, tumezoea kuweka majina kapuni pale penye skendo. Msanii fulani, mke wa fulani, halafu unabaki unaumiza kichwa usiku kucha. Leo nina majina mengine yaliyokaa kapuni karibu miaka 100, na skendo hakuna. Ni watu ambao bila wao Kiswahili chetu cha vitabuni kingekuwa kikavu kama mkate wa juzi.

Nianzie mtaani kwetu. Kuna mzee mmoja fundi cherehani, umri umeshavuka 80, shule aliishia darasa la nne enzi za mkoloni. Siku hiyo vijana tulikuwa kibarazani kwake tunamjadili jamaa aliyeondoka kwao kwa mbwembwe, akazunguka miji yote, mwisho karudi kwa mama yake na begi lile lile. Mzee, bila hata kuinua kichwa, akasema: "Waenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Tukacheka, tukaitikia. Methali tunaijua bwana. Basi akasimamisha cherehani. "Haya, tezi ni nini?" Kimya. "Omo?" Kimya. "Ngama?" Mmoja wetu akajitosa akasema ngama ni kaburi. Mzee akatikisa kichwa tu.

Mimi kidato cha nne nilipata B ya Kiswahili, na sikujua hata neno moja kati ya hayo matatu. Kumbe ni maneno ya chombo cha baharini. Omo ni sehemu ya mbele, tezi ni ya nyuma, na ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakojikusanya. Maji yakiingia mbele au nyuma, yote yataishia ngamani, na hapo ndipo mabaharia wanapoyafua. Ndiyo, kufua maji, yaani kuyateka na kuyamwaga nje. Mimi nilijua kufua nguo tu.

Nikamuuliza, "Mzee, ulikuwa baharia?"

"Mjukuu wangu, mimi hata kuogelea sijui. Nimezaliwa bara, bahari nimeiona nikiwa na mke na watoto. Tulisomewa Kisiwa chenye Hazina. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani. Kila merikebu ikitajwa, anaichora ubaoni: hapa omo, hapa tezi, chini huku ngama. Tukitaka kujua kama yule mtoto atakamatwa, lazima tujue kajificha wapi."

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia historia ya vitabu hivi.

Twende taratibu. Kisiwa chenye Hazina asili yake ni cha Mskoti, Robert Louis Stevenson. Kilianza na ramani ya kisiwa cha kubuni aliyoichora kwenye likizo ya mvua pamoja na mtoto wa mkewe. Hadithi ikatoka vipande vipande kwenye gazeti la watoto mwaka 1881 na 1882, kisha ikawa kitabu mwaka 1883. Mwingereza mwingine, H. Rider Haggard, aliyewahi kuishi Afrika Kusini, inasimuliwa kwamba aliwekeana dau na kaka yake kuwa anaweza kuandika kitu kama kile. Mwaka 1885 akatoa hadithi ambayo sisi tunaijua kama Mashimo ya Mfalme Sulemani.

Sasa vilifikaje kwetu? Mwaka 1928 kwenye mkutano wa Mombasa iliamuliwa kwamba Kiunguja, Kiswahili cha mjini Unguja, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu cha shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Katibu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Frederick Johnson. Shule zilikuwepo, ila vitabu vya kusoma vilikuwa haba. Johnson ndiye aliyetia Mashimo ya Mfalme Sulemani kwenye Kiswahili, kikatoka mwaka 1929. Kisiwa chenye Hazina nacho ni cha miaka hiyo hiyo, na mwaka 1932 kikafuata Safari za Gulliver.

Sikieni utamu sasa. Huyo huyo Johnson ndiye mtu wa kamusi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili yenye jina lake ilitoka mwaka 1935, na ile kubwa ya Kiswahili na Kiingereza ikatoka mwaka 1939, yeye akiwa ameshafariki. Yaani mtu aliyekusanya maneno kwenye kamusi ndiye aliyeyamwaga kwenye hadithi za maharamia na almasi. Ndiyo maana wazee waliosoma vile vitabu wana msamiati unaotuacha midomo wazi.

Lakini jiulize. Mwingereza alilijua wapi neno ngama? Hakulitoa London. Hadithi ya bahari inataka nahodha, serahangi, mlingoti, tanga, foromali, nanga. Hayo yote yalikuwepo pwani yetu karne nyingi kabla ya Stevenson kuzaliwa. Nahodha na serahangi yana asili ya Kiajemi, merikebu na hazina ni ya Kiarabu, bendera tulichukua kwa Wareno. Waliyoyahifadhi ni mabaharia, mafundi wa majahazi, wachukuzi wa bandarini, na kina mama waliowasubiri waume zao msimu wa kusi na kaskazi. Hao ndio walikuwa kamusi kabla ya kamusi. Kwenye jalada jina ni la mwandishi na mfasiri. Wao, majina kapuni. Hata kwenye ile Kamati, mwanzoni wajumbe walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari. Wenye lugha hawakuwa na kiti.

Na wa pili waliowekwa kapuni ni walimu kama yule wa mzee. Kitabu peke yake hakimfundishi mtoto wa bara maana ya ngama. Anayefundisha ni yule anayechora chombo ubaoni.

Kwa nini njia ile iliwaingia? Mzee alinieleza, nami nimeijaribu. Ukipewa orodha ya maneno 20 ukariri, kesho umebaki na matano. Ila ukiwa na yule mtoto Jim ndani ya pipa la matofaa, anawasikia maharamia wanapanga kuua, kila neno ni la kufa na kupona. Unalishika kwa hofu. Baadaye Jim huyo huyo anaipandisha merikebu ufukweni. Hapo unakutana na kazi ya maji kupwa na kujaa. Halafu unashtuka: kumbe pwani ni pale maji yanapokupwa! Chombo kikikwama maji yakishatoka, kimepwelewa. Na yule anayesema sauti imenipwea, naye maji yamemkauka kooni. Neno moja limekufungulia matatu.

Kanuni ya mzee ni rahisi. Soma ukurasa mpaka mwisho bila kusimama. Maneno magumu yakadirie kwa hadithi yenyewe. Chagua matatu tu, muulize anayejua, na kabla hujalala yatumie kwenye mazungumzo ya kweli. Ukichekwa, sawa. Neno ulilochekewa hulisahau.

Sasa tusipambe mambo. Vitabu hivi vina uchungu wake. Kwenye Mashimo ya Mfalme Sulemani, wazungu wanatumia kalenda yao kujua siku ya kupatwa, halafu wanajifanya wao ndio wanaozima mwanga angani, na wenyeji wanatetemeka kama watoto. Kila mwenye hekima pale ni mgeni, na kazi kubwa ya Mwafrika ni kushangaa, kutumika au kufa. Watoto wetu walijifunza maneno mazuri huku wakidharauliwa kwa maneno hayo hayo. Nilimuuliza mzee kama hilo halikumuuma.

"Liliniuma," akasema. "Ila mwalimu alifunga kitabu akatuambia: babu zenu walisoma nyota kuvuka bahari na kulima mashamba kabla huyu hajazaliwa. Kisha akakifungua tukaendelea. Nilikasirika, lakini nilikasirika kwa Kiswahili fasaha."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Lugha ilikuwa yetu, hata hadithi ilipokuwa ya wengine. Na haikuchukua muda tukaanza kusimulia zetu. Shaaban Robert akatoa Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, safari na maajabu tupu. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akatuletea Mzimu wa Watu wa Kale na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Baadaye wakaja kina Willy Gamba na Joram Kiango, ambao wengi wetu tumewasoma chini ya dawati. Msisimko ule ule, ila mwenye akili sasa ni mtu wetu.

Siku hizi tunalia kwamba Kiswahili cha vijana kimebaki cha maneno 200 na emoji. Mimi siwalaumu vijana, nami ni mmoja wao. Tumepewa orodha za kukariria mtihani, hatukupewa pipa la kujificha. Tafuta kitabu kimoja cha zamani, hata kama jalada limeng'oka. Msomee mdogo wako kwa sauti, na ukifika kwenye neno gumu, mchorée.

Nilipoaga nilimuuliza mzee jina la yule mwalimu. Akafikiri sana, sindano mkononi. "Tulimwita Mwalimu tu," akasema. "Hatukuwahi kumuuliza." Nikaona macho yake yamelowa, akageukia cherehani.

Basi leo tufanye kinyume na kawaida yetu. Hapo chini andika neno moja gumu ulilolipata kwenye hadithi, na maana yake. Halafu mshukuru aliyekufafanulia. Na kama bado yupo hai, mpigie simu umwambie. Huyo asikae kapuni.